Marehemu Aliyekuwa na Ufunguo wa Ghala Namba Tatu

Kwa siku thelathini na sita nilimwacha marehemu akiwa na ruhusa ya kufungua maghala manne ya vyakula na vifaa vya wakimbizi. Nilijua amekufa. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuhakikisha asiyetakiwa kuingia haingii, na huyo niliyemwacha hata mtoto wa chekechea angewaambia hatakiwi kuingia. Sababu yangu ilikuwa adabu. Nitaeleza taratibu, maana nimestaafu na sina haraka ya kwenda popote. Hata nilipokuwa na haraka, sikwenda popote.

Siku ile mlipoagana nami kwa soda na saa ya ukutani, baadhi yenu mliniomba niwaandikie namna kazi hii ilivyokuwa kabla yenu. Mlidhani nitaandika kurasa mbili. Pole zenu.

Nilianza wakati maboti kutoka ng'ambo ya ziwa yalikuwa yanaingia Kibirizi karibu kila siku, na barabara ya Mwandiga imejaa malori ya mahindi na maharage. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na chumba kimoja Katubuka. Shirika lilikuwa linaajiri watu wa kambini, watu wa malori na watu wa maghala. Wa kambini walilipwa posho ya kulala nje. Mimi nikaomba ghala. Bwana Mkude, mkuu wetu wa kituo, mtu wa Morogoro aliyehamishiwa Kigoma akiwa na sweta asilowahi kulivaa, aliniuliza kwa nini. Nikamjibu kwamba kutoka kitandani kwangu mpaka ghalani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Alicheka, akadhani natania.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Rajabu, mtunza ghala, Mmanyema wa Ujiji, mrefu, mwenye kofia ya kufuma na sauti ndogo. Nilitegemea anionyeshe magunia. Akanionyesha kabati la mbao lenye misumari kumi na moja, kila msumari una namba na kila namba ina ufunguo wake. Kando yake daftari limefungwa kwa kamba ili lisitembee.

"Keti hapa," akaniambia. "Wiki nzima kazi yako ni kuangalia misumari."

"Funguo, Mzee?"

"Misumari. Ufunguo ukiwa mahali pake hauna habari. Msumari mtupu ndio wenye habari. Uniambie uko kwa nani, tangu saa ngapi, na kwa kazi gani."

Wiki nzima nikaangalia misumari. Nilikuwa kijana mwenye kidato cha nne, najua kanuni ya kutafuta eneo la duara, na nimeajiriwa kutazama ukuta. Lakini siku ya Ijumaa Bwana Mkude alikuja mbio, akanyoosha mkono kuchukua ufunguo namba tatu, na Mzee Rajabu akaweka kiganja chake juu ya daftari.

"Mkuu, jina kwanza."

"Mzee, mimi si ndiye niliyekuajiri?"

"Ndiyo, Mkuu. Na mimi nimejiandika humu asubuhi, ingawa najifahamu tangu utoto."

Bwana Mkude akaandika jina. Nikaelewa kazi niliyoingia.

Kompyuta zilikuja mwaka wa pili au wa tatu, tatu kwa idadi, zikiwa zimefungwa kwenye maboksi makubwa kuliko chumba changu. Zikawekwa chumba chenye kiyoyozi, cha pekee katika uwanja wote, na kwa mwezi wa kwanza tatizo kubwa la usalama wa chumba kile lilikuwa watu kuhifadhi samaki wao, mikebuka ya ziwani, nyuma ya kompyuta mpaka saa za kwenda nyumbani. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya kusimamia maghala. Ilijua kila rundo liko wapi, limeingia lini, na bila kibali kilichochapwa humo hapakuwa na lori lililotoka getini. Ukija asubuhi ilikuuliza jina lako na neno lako la siri. Ukienda chooni na kurudi, ilikuuliza tena. Bi Asteria, karani wa utoaji mizigo, mzaliwa wa Simbo, mama wa mapacha na bingwa wa kunitania, akaibatiza Shemeji. "Jana tumeshinda naye, leo ananiuliza wewe nani. Huyu ni shemeji aliyeoa mjini."

Shemeji alihitaji mtu mmoja wa kusimamia nani anaingia na nani haingii. Vijana wenye akili walikuwepo wengi, lakini wote walikuwa safarini, leo Kasulu, kesho Kibondo. Bwana Mkude akapitisha macho kwenye meza zote akatafuta mtu asiyetoka. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi hii. Naomba msiwaambie wageni wanaokuja kujifunza kwamba nilichaguliwa kwa ubora.

Nilitakiwa kwenda Dar es Salaam kwa mafunzo ya wiki mbili. Nikapata malaria. Walipopanga tena, bati la nyumba yangu likang'oka. Mara ya tatu Asteria akauliza mbele ya watu, "Safari hii Konokono ataumwa nini?" Konokono ndilo jina alilonipa, kwa kuwa nilitembea kama mtu aliyebeba nyumba mgongoni na anayeogopa kuitua. Mwishowe mtaalamu alinifundisha kwa redio ya mawasiliano, saa nne asubuhi, kituo kizima kikisikiliza. "Bonyeza F saba. Over." "Nimebonyeza. Over." "Umeona nini? Over." "Kiyoyozi kimezima. Over."

Yale ambayo sikuelewa kwa redio nilieleweshwa na Mzee Rajabu, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta. Alisikiliza, akasema, "Kumbe ni misumari." Tukakaa siku mbili kwenye benchi tukagawa watu kwa madaraja matatu. Wa kuchungulia, waone mzigo bila kugusa kitu. Wa kuandika, wapokee na kuomba kutoa. Wa kuidhinisha, ambao bila wao ombi linabaki ombi. Wa kuidhinisha tukaweka wawili, Bwana Mkude na Mzee Rajabu mwenyewe. Mimi nikawa mgawa ruhusa, na kwa sababu hiyo hiyo Mzee akakataa nisiweze kuidhinisha hata kiberiti. "Anayegawa funguo asiwe na mlango," alisema. Niliona kama amenidharau. Baadaye nililala vizuri kwa ajili ya sentensi ile.

Mambo ya maneno ya siri mnayajua. Mwezi wa kwanza watu saba walichagua neno "kigoma". Wa nane, mwerevu, alichagua "ujiji". Mmoja aliandika lake kwa chaki chini ya meza, mfagizi akalifuta kwa nia njema, tukafungiwa nje asubuhi nzima. Shemeji alitaka neno libadilishwe kila mwezi, na hapo Mzee Rajabu alipata shida, kwa kuwa macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na herufi za kijani aliziona kama ukungu wa ziwani. Basi alikuwa akisimama nyuma ya kiti, Asteria akawa vidole vyake. Mzee anamnong'oneza, Asteria anaandika. Nililiona hilo kila mwezi na kulipita. Sheria ilisema neno la siri lijulikane na mtu mmoja. Nilijiambia kwamba Mzee Rajabu na vidole vyake ni mtu mmoja.

Kila Shemeji alipofunguliwa aliandika nyayo: nani kaingia, saa ngapi, kagusa nini, katoka lini. Mwisho wa mwezi nilizichapa kwa printa iliyokuwa ikilia kama mashine ya kusaga, kurasa nane au tisa, nikazisoma kwa rula mstari kwa mstari, kisha zikaenda makao makuu kwa bahasha. Ninyi sasa mna programu inayowashia taa nyekundu. Hata hivyo someni wenyewe. Msianze na majina, anzeni na saa. Mtu anayeingia saa ya chakula, mtu anayeingia asifanye kitu akatoka, mtu aliyekosea neno lake mara tatu ilhali jana hakukosea. Niliwahi kumgundua karani mmoja aliyekuwa akiingia kila siku saa kumi kasoro tano bila kugusa chochote. Alikuwa akitumia saa ya kompyuta kujua muda wa kwenda nyumbani. Nilimwelewa mno hata sikuweza kumripoti.

Mzee Rajabu alifariki siku ya Jumanne, alfajiri, nyumbani kwake Ujiji, na tukamzika alasiri ya siku hiyo hiyo. Ofisi nzima ilikwenda, hata makuli. Makao makuu wakatuma rambirambi kwa redio. Asteria alilia mpaka mtandio wake ukawa wa kukamua.

Siku ya pili nilikaa mbele ya Shemeji, nikafungua orodha ya watumiaji, nikashuka kwa mshale mpaka kwenye jina lake. Kumfuta kulihitaji kubonyeza mara mbili. Nilikuwa nimefuta watu wengi, waliohamishwa, walioacha, mmoja aliyetoroka na pikipiki ya ofisi. Lakini jana yake, uani kwa marehemu, nilimsikia mjane wake, Bi Mwajuma, akiwaambia ndugu waliogusa kanzu zilizotundikwa: "Viacheni vitu vyake mpaka arobaini. Hamwezi kumtoa mtu mara mbili kwa siku moja." Nikaondoa kidole. Nikajiambia, arobaini ikipita nitafuta. Nani atakayemdhuru? Nikaenda kunywa chai.

Upande wa waidhinishaji tukabaki na Bwana Mkude peke yake. Aliandika makao makuu kuomba wa pili. Wakajibu kwamba suala letu linashughulikiwa, na nina hakika mpaka leo kuna mtu analishughulikia.

Siku ya ishirini na tatu mvua ilianza tangu asubuhi. Bwana Mkude alikuwa amekwenda Kibondo siku mbili kabla, gari likakwama kwenye tope na redio yake haikujibu. Saa tano yakaja maboti manne kwa pamoja kutoka upande wa Kongo. Kule Kibirizi kulikuwa na banda moja la mapokezi, na banda lile lilikuwa limejaa tangu jana yake. Wenzetu wa ufukweni wakaomba maturubai kwa redio. Maturubai yalikuwa ghala namba tatu, makavu, yamepangwa vizuri kabisa. Asteria aliandika ombi. Shemeji akamjibu kwamba linasubiri kuidhinishwa. Makao makuu walisikika redioni mara mbili tu kwa siku, saa nne, ambayo ilikuwa imepita, na saa kumi, ambayo ilikuwa mbali. Lori lilisimama getini, na mlinzi, aliyefunzwa na Mzee Rajabu mwenyewe, alikataa kufungua bila kibali.

Mtaniuliza mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa Katubuka, nyumbani, nakula ugali wa muhogo. Sikuwahi kula kantini hata siku moja katika utumishi wangu, na mvua ile haikunizuia, nilijifunika gunia la plastiki nikaenda. Niliporudi saa nane na nusu lori lilikuwa limeshaondoka. Nikadhani Bwana Mkude amepatikana. Sikuuliza. Tumbo likishiba halina maswali.

Mwisho wa mwezi nikachapa nyayo. Ukurasa wa saba, rula yangu ikasimama. Mtumiaji Rajabu aliingia saa saba na dakika arobaini mchana. Aliidhinisha maturubai mia tatu kutoka ghala namba tatu. Alitoka baada ya dakika mbili.

Kwa sekunde chache, sitawadanganya, nilifurahi kuliona jina lake.

Nilimkuta Asteria kwenye jukwaa la kupakilia, anahesabu madebe ya mafuta ya kula.

"Dada Asteria, naomba kukuuliza. Mzee Rajabu aliamkaje siku ile?"

Hakugeuka. Alimaliza kuhesabu mstari wake kwanza.

"Aliamka kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha," akasema. "Nilimwomba radhi kabla sijaandika. Nikasema, Mzee samahani, naingia kwako mara moja. Halafu nikapanda lori. Leonsi, kulikuwa na mama amemfunika mtoto kwa beseni. Beseni! Yeye mwenyewe maji yanamwingia mdomoni, anapokea turubai ananiambia aksanti mama."

"Ungenifuata nyumbani."

"Nikakufuate ili ufanye nini? Wewe huwezi kuidhinisha hata kiberiti, si ndivyo mlivyokubaliana?"

Akaweka kalamu sikioni.

"Ukiupeleka ukurasa huo nafukuzwa. Wewe Konokono utaingia kwenye nyumba yako. Mimi na mapacha tutaingia wapi?"

Kurasa zilikuwa na namba. Ukiondoa wa saba, yeyote anayejua kuhesabu atauliza. Lakini printa ile ilikuwa ikila karatasi mara kwa mara na makao makuu walishazoea kupokea bahasha zenye mapengo. Ukurasa wa saba ungeweza kuliwa. Na ukiachwa, watu wawili wangeumia. Asteria angepoteza kazi, na Mzee Rajabu, aliyemwandikisha mpaka mkuu wake, angebaki kwenye jalada kama mzee aliyegawa neno lake la siri kama karanga.

Nikafanya nisichowahi kufanya, nikaenda nyumbani na karatasi ya kazi. Nilikaa kwenye kigoda changu nyuma ya nyumba jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo. Jirani yangu, Mama Tatu, muuza mawese, mwanamke asiyejua kusema kwa kuzunguka, alikuwa upande wa pili wa ua anahangaika na jiko la mkaa uliolowa.

"Leonsi, hiyo karatasi unaisoma au inakusoma? Kama huna kazi nayo nipe niwashie jiko."

Akanyoosha mkono juu ya ua. Mkono wenyewe ulikuwa na kiberiti tayari. Nakwambieni, nilikitazama kiganja kile kwa muda mrefu.

"Nina kazi nayo," nikasema.

"Basi ifanye, uache kuikodolea."

Niliandika barua pale pale, kwa mkono. Niliandika kwamba mtumiaji Rajabu alifariki, kwamba kumfuta siku ya pili ya msiba ilikuwa kazi yangu na ya mtu mwingine yeyote haikuwa, kwamba sikumfuta kwa kumsubiri arobaini, jambo ambalo kanuni zetu hazina, na kwamba saa ile kibali kilipohitajika mimi nilikuwa nakula. Niliandika pia habari za mtoto wa jicho na vidole vya kukopesha, ili wajue Mzee hakugawa kitu, tulimruhusu. Jina la aliyeingia sikuliandika. Nikaufunga ukurasa wa saba juu kabisa ya bahasha, nisije nikaghairi.

Wiki moja baadaye, saa nne asubuhi, redio ikatuita. Ilikuwa sauti ya mkaguzi wa makao makuu, mtu nisiyewahi kumwona. Bwana Mkude alisimama nyuma yangu. Asteria alikuwa mlangoni. Na kama mnavyojua, redio ile ilisikika katika kila kituo cha mkoa.

"Huyu Rajabu ni mfanyakazi wenu? Over."

"Alikuwa. Ni marehemu. Over."

"Tangu lini? Over."

"Tangu kabla hajaidhinisha. Over."

Mahali fulani mtu wa kituo kingine alicheka na kitufe kimebonyezwa.

"Barua yako nimeisoma. Sikuulizi nani aliacha mlango wazi. Nauliza nani aliingia. Over."

"Mlango niliuacha mimi. Over."

"Nauliza mara ya pili. Nani aliingia? Over."

Nilikuwa natafuta jibu lingine wakati Asteria aliponipokonya kipaza sauti mkononi. "Ni mimi. Asteria wa utoaji, Kigoma. Niliingia kwa jina la Mzee Rajabu nikaidhinisha maturubai mia tatu. Over." Alisahau kuachia kitufe, kwa hiyo mkoa mzima ukamsikia akipumua.

Alipoachia, kabla mkaguzi hajasema, ikaingia sauti nyingine, yenye mvumo wa mawimbi nyuma yake.

"Hapa Kibirizi. Maturubai yalifika saa tisa. Tuliyahesabu, yalitimia. Yote yalifungwa siku ile ile. Watu walilala pakavu. Over."

Mkaguzi akasema kwamba atatujibu kwa maandishi, na mtumiaji Rajabu afutwe saa hiyo hiyo.

Ilikuwa siku ya thelathini na sita. Asteria alisimama nyuma ya kiti changu, mahali alipokuwa akisimama Mzee. Nikashuka kwa mshale. Shemeji akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwangalia Asteria. "Mwambie ndiyo," akasema. Nikabonyeza, majina yakapanda nafasi moja juu, na pengo halikuonekana tena. Hilo ndilo nisilolipenda katika kompyuta mpaka leo. Msumari ulibaki ukutani.

Maandishi yalikuja. Asteria alipewa barua ya onyo, na katika bahasha hiyo hiyo akateuliwa kuwa mwidhinishaji wa pili, kwa kuwa Bwana Mkude aliwaambia hana mwingine anayejua mlango ulipo. Mimi nilivuliwa ugavi wa ruhusa kwa miezi sita nikakabidhiwa daftari la getini. Na adhabu kuu, ile ambayo naamini Asteria aliwanong'oneza, ni kwamba nilitakiwa kwenda Dar es Salaam kumaliza mafunzo niliyoyakwepa. Kwa treni. Alinisindikiza mpaka stesheni kuhakikisha napanda, akanipa mikebuka ya kukaanga na maneno haya: "Konokono, nyumba yako haitakimbia. Kama ingekuwa na tabia ya kukimbia ingeshachoka na wewe zamani."

Huko nilijifunza mambo mengi niliyokuwa nikiyafanya tayari, kwa majina ya Kizungu. Jipya lilikuwa moja, nalo nimewakaririsha ninyi nyote mpaka mkanichoka: orodha ya watumiaji isomwe kila Jumatatu na mtu aliye hai, jina kwa jina, akiuliza huyu yupo, na bado ana kazi na mlango huu? Na anayesafiri, anayehama na anayekufa afungiwe siku hiyo hiyo. Rambirambi zina mahali pake, na si ndani ya Shemeji.

Kabla ya safari hiyo, siku ya arobaini, nilikwenda Ujiji. Nilimwamkia Bi Mwajuma, nikakaa mkekani, nikamweleza kila kitu, kwamba jina la mumewe lilibaki kazini kwa sababu yangu, kwamba lilitumika, kwamba sasa halipo. Niliomba radhi. Alinisikiliza akipepeta mchele.

"Kumbe alikuwa kazini," akasema. "Ndiyo maana sijamwota hata mara moja."

Akaniwekea sahani ya pilau iliyonishinda kumaliza.

Miaka ikaenda. Kambi zikapungua, zikajaa tena, zikapungua. Asteria aliidhinisha mizigo mpaka alipostaafu akarudi Simbo, na kila akinipigia simu huanza kwa kuuliza jina langu na neno langu la siri. Kabati la misumari mlitaka kulitupa mlipopaka rangi, nikalichukua. Liko sebuleni kwangu, limetundikwa kofia na vibao vya kukatia mkate. Sasa ninyi mnaingia kwa kidole. Vizuri. Kidole hakikopesheki. Lakini Mzee Rajabu angewauliza kwanza kina kazi gani.

Mwezi uliopita, siku mbili baada ya ile soda na saa ya ukutani, nilirudi ofisini kuchukua mwavuli wangu. Nikajaribu kuingia kwenye programu, kwa mazoea tu, nione maghala yameamkaje. Ikanijibu kwamba hainitambui. Kijana wangu niliyemfundisha mwenyewe alikuwa amenifuta siku ile ile niliyoaga, saa kumi kasoro tano. Alifanya sawasawa kabisa. Nilimpongeza kwa mkono, nikaondoka, nikasahau mwavuli.

Nyumbani nilikaa kwenye kigoda mpaka Mama Tatu, mzee sasa kama mimi, akaniuliza juu ya ua kuna nini. Nikamwambia wamenifuta siku ile ile, hawakungoja hata wiki, na kwamba Mzee Rajabu mimi nilimpa siku thelathini na sita. Nilidhani atanipa pole. Aliweka chini dumu lake la mawese, akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala.

"Arobaini husubiriwa aliyekufa, Leonsi. Wewe unapumua na leo umekula sahani mbili, nimekuona. Inuka uje unishikie dumu hili."